Kijana wangu anahamia kliniki ya wakubwa, nianzie wapi kumwachia?

Mama Dani, Nkuhungu

Habari za humu ndani. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi wenye watoto wa kisukari aina ya kwanza, hiki cha sindano.

Dani ana miaka 17, aligundulika akiwa darasa la tatu. Miaka yote hiyo daftari nalishika mimi, tarehe za kliniki ziko kwenye kalenda yangu ya jikoni. Mwezi uliopita tulikuta daktari mgeni, akamwuliza yeye, siyo mimi: "Asubuhi unachoma uniti ngapi?" Dani akanigeukia. Jamani, mtoto anajichoma mwenyewe tangu ana miaka 10! Ila anayevuta dawa kwenye bomba ni mimi, yeye anapokea na kuchoma tu. Nikafungua mdomo nijibu, daktari akaniinulia kiganja: "Mama, subiri kidogo." Nilijisikia kama nimekamatwa na kibomu kwenye chumba cha mtihani.

Akitimiza 18 anahamishiwa kliniki ya watu wazima. Nimepita pale kwenye benchi, wazee watupu, wa presha na vidonda vya miguu, wamewahi foleni tangu saa 12 asubuhi. Nesi wa kumpigia simu kwamba leo hamjaja, kule hakuna. Halafu anasubiri kupangiwa kidato cha tano, Julai huenda yuko bwenini mkoa mwingine. Insulini ataiweka wapi?

Mjukuu wa Mpunguzi

Shikamoo mama. Mimi nina miaka 24, nachoma tangu nina 11. Mimi nilihamishwa kwa kikaratasi kimoja tu, "aendelee kliniki ya wakubwa". Siku ya kwanza nikaulizwa kama nimemsindikiza babu. Sikurudi miezi mitano. Insulini nanunua duka la dawa, sukari napima nikijisikia vibaya tu. Kilichonirudisha hospitali ni kubebwa, natapika, napumua kama nimekimbizwa, ketoni, zile tindikali za mwili uliokosa insulini, zimejaa. Nililazwa siku nne. Pale kitandani ndipo nilipoelewa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu maana yake nini, na nilishapimwa sijui mara ngapi. Majibu alikuwa anaambiwa mama.

Kwa hiyo bomba avute yeye, kuanzia leo. Wewe kaa pembeni uangalie, ila usiseme mpaka akikosea.

Kuhusu bwenini. Chupa aliyokwisha kuifungua inakaa nje ya friji kama wiki nne bila shida, mradi isipigwe na jua. Zinazotaka baridi ni zile za akiba. Mimi friji ya matroni ilikuwa inafungwa Ijumaa mpaka Jumatatu, bibi akanitengenezea vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga. Mchanga unamwagia maji asubuhi na jioni, juu unafunika kitambaa kibichi. Dawa inakaa kwenye chungu cha ndani, kwenye mfuko usioingiza maji. Hewa yetu ya Dodoma ni kavu, maji yanakauka haraka na chungu kinapoa kweli. Akipangiwa Tanga au Dar, kwenye ule unyevu, asikitegemee sana. Aulize mapema friji ya zahanati iliyo karibu.

Na awaambie wenzake wawili watatu. Mimi nilificha. Usiku mmoja sukari ikashuka, natetemeka, jasho, naongea ovyo, bweni zima likaanza kukemea mapepo. Bahati nilikuwa bado naweza kumeza. Kuna mmoja mama yake ana kisukari, ndiye aliyekoroga sukari vijiko vitatu kwenye kikombe akaninywesha. Wengine walikuwa bado wanaomba.

Nesi wa Zamu

Mama Dani, usingoje afike 18. Kliniki ijayo mwombe daktari aongee naye peke yake dakika 10, wewe ukae nje. Kuna maswali ya pombe na ya mapenzi ambayo mbele yako hatauliza hata umbembeleze. Na ajibiwe, maana pombe inaweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, yeye keshalala.

Kabla hajahama omba barua ya maelezo yenye mwaka alioanza, dozi, majibu ya karibuni, macho na figo vilipimwa lini. Aipige picha abaki nayo kwenye simu yake, siyo yako.

La mwisho, akiumwa na chakula hakipiti, asiache insulini. Wengi huacha kwa sababu "sijala". Apime mara kwa mara, anywe maji, awahi hospitali.

Baba K, Kongwa

Wangu ni wa selimundu, siyo kisukari, lakini msisahau bima. Kama kadi yake ni ya mtegemezi, uliza leo inamfikisha umri gani. Sisi tuliambiwa dirishani, tumeshapanga foleni.

Mama Dani, Nkuhungu

Mjukuu wa Mpunguzi, marahaba mwanangu, pole kwa yote. Asanteni wote.

Jioni hii kavuta mwenyewe. Kaiviringisha chupa kwenye viganja mpaka dawa ikawa kama maziwa, kavuta, kainua bomba kwenye taa, kaligonga kwa ukucha. Akaniambia, "Mama, wewe huwa unaacha povu." Sikujibu kitu. Miaka minane naacha povu.

Mjukuu, huo mchanga wa chungu ni wa mtoni au wowote?

Mjukuu wa Mpunguzi

Wa mtoni mama, huku kwetu makorongo yote yamejaa. Uchekeche kwanza, utoe kokoto.