Kuna afisa wa serikali aliyewahi kumfaa fundi kweli?

Seremala wa Majengo:
Ndugu zangu, nauliza bila utani. Wiki jana tuliitwa semina ya mafundi, siku tatu. Nikafunga karakana, nikamwacha mteja wa Kibokoni na mlango wake wa mbambakofi nusu umechongwa. Tukafundishwa kujiamini, tukalishwa pilau (pilau lenyewe sina neno nalo), tukapigwa picha, tukapewa tisheti. Nilipouliza kama kuna mashine ya kuranda tunayoweza kuiona ikifanya kazi, nikaambiwa hilo litajadiliwa. Na aliyenijibu patasi aliiita bisibisi! Sasa, popote duniani, pamewahi kutokea afisa aliyewainua mafundi kwa vitendo? Nitajieni mmoja tu.

Bibi Cherehani:
Sisi tulipewa cheti. Nimekitia fremu, kinaziba ufa ukutani. Nami nangoja jibu.

Mwalimu Mstaafu:
Mmoja ninaye, wanafunzi wangu wa karakana walichoka kumsikia. Ferdinand Steinbeis, Mjerumani wa Württemberg, uliokuwa ufalme kusini mwa Ujerumani, kazaliwa 1807. Kabla ya kukalia kiti cha serikali alifanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya chuma, kwa hiyo joto la tanuri alilijua. Kwao kulikuwa na ufukara: njaa ya 1846 na 1847, watu wakihamia Marekani. Mwaka 1848 ikaundwa idara ya ufundi na biashara. Steinbeis akaingia kama mshauri wa kiufundi, baadaye akaiongoza hadi 1880.

Mwaka 1851 alikwenda London kwenye yale maonyesho makubwa ya bidhaa za viwanda vya dunia, na hakurudi na vipeperushi. Idara yake ilikuwa na ghala la sampuli Stuttgart, mji mkuu wao, lililoanzishwa 1850, likijazwa zana na bidhaa za nchi nyingine. Fundi wa kwao aingie, aone kwa macho yake kitu cha wenzake kimeungwa vipi. Akasukuma pia shule za wanagenzi, za jioni na Jumapili, kwa sababu mchana wako kazini. Huko wakifunzwa hesabu na kuchora. Kuchora, jamani! Asiyejua kusoma mchoro hukata mbao mara mbili.

Na kuna kijana aliyejifunza kuunda bunduki, Gottlieb Daimler. Steinbeis alimshika mkono, kijana akapata nafasi ya kujifunza kiwandani Grafenstaden, karibu na Strasbourg. Jina la Daimler mwalijua kwa magari.

Seremala wa Majengo:
Shikamoo mwalimu. Hilo la kuchora limenichoma. Mwanagenzi wangu ana mkono mzuri, lakini nikimwambia "sentimita 82, toa unene wa fremu", ananikodolea macho. Jana kakata miimo miwili mifupi, mbao ya mteja hiyo. Lakini mwalimu, huyo Mjerumani si alikuwa na hazina ya mfalme?

Bibi Cherehani:
Kwani tisheti zilishonwa bure?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Bibi keshanijibia. Huyo kijana mlete Jumanne baada ya isha, aje na penseli, rula na daftari lisilo na mistari. Miimo aliyoiharibu usiichome, mje nayo. Tutaanzia hapo.