Daftari la shukrani: kufika wiki ya tatu kila ukurasa ni uleule

Mkaazi_Shangani
Wakuu wa Mtwara na Lindi, habari zenu. Naomba msaada wa wanaoandika daftari la maisha ya kila siku na shukrani. Kufika wiki ya tatu kila ukurasa unasema, "Namshukuru Mungu kwa uzima, familia na riziki." Ni kweli tupu, ila ukisoma tarehe 4 na tarehe 19 huwezi kuzitofautisha. Halafu karatasi zinalegea, wino unatawanyika na jalada limeota ukungu. Niendelee kila siku au nipunguze? Na daftari lenyewe linatunzwaje huku pwani?

Kusi_Mikindani
Ndugu, uzima, familia na riziki vipo kila siku, ndiyo maana havibebi tarehe. Andika kilichotokea leo tu, kiwe na mtu, mahali na kiasi. Badala ya "nashukuru kwa chakula", andika hivi (ming'oko ni mizizi ya porini inayoliwa): "Saa kumi jioni, stendi. Dada wa ming'oko kapima fungu la mia tano, kaongeza miwili, kanyunyizia chumvi na pilipili, hela ya nyongeza kakataa." Shukrani imeshasemwa hapo, na neno lenyewe halijatajwa.

Kichwa cha ukurasa kiwe tarehe, upepo na maji: kusi (upepo wa kusini) au kaskazi (wa kaskazini), bamvua (maji kujaa na kupwa sana) au maji mafu (kujaa na kupwa kidogo). Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu mwezi ukiwa nusu, kwa hiyo ukirudi kusoma mwakani utajua siku ile pwani ilikuwaje. Walio bara, Newala au Masasi, waandike mikorosho imefikia wapi: inapuliziwa dawa ya salfa, inachanua, au mabibo, yale matunda yake, yameanza kudondoka. Chini yake mistari 6 hadi 8, basi. Kaunta buku ya kurasa 192, kwa nusu ukurasa kila siku, inakupa siku 384.

Ukiruka siku, andika tarehe na mstari mtupu, usonge mbele. Usikae Jumapili kujaza siku tano kwa kumbukumbu, maana hapo ndipo "uzima na riziki" vinaporudi: tukio limesahaulika, kilichobaki ni maneno ya jumla.

Shukrani yenyewe iwe mara moja kwa wiki. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake kule Marekani walifanya jaribio la wiki 6: waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki furaha yao iliongezeka, waliohesabu mara tatu haikuongezeka. Maelezo yao ni kwamba jambo likizidi kurudiwa linazoeleka. Basi chagua usiku mmoja, soma siku 7, toa tukio moja na uliandikie ukurasa mzima: nani alifanya, kilimgharimu nini, na ingekuwaje asingefanya. Swali la gharama ndilo zito kuliko yote. Dada wa ming'oko kaongeza miwili kutoka kwenye mtaji wake mdogo, na mizizi ile huchimbwa porini kwa jembe. Ukishaandika hayo, kesho ukipita stendi mwambie.

Binti_Masasi
Mara moja kwa wiki sawa kwenye karatasi, lakini shukrani ya kila siku ina mahali pake kwenye sala, isiguswe. Ibaki huko, daftari libebe matukio.

Na siku mbaya usilazimishe. Bei ya korosho ikishuka mnadani, andika kilo, bei, makato na deni lililobaki. Kutafuta jema usiku uleule kunaifanya shukrani iwe ya uongo, na daftari la uongo mwenyewe huwezi kulisoma. Siri za majirani andika kwa herufi moja tu, kwani daftari hufunguliwa na watoto.

Karatasi_Lindi
Nijibu la utunzaji. Wino unatawanyika kwa sababu peni za jeli nyingi zina wino wa maji. Tumia peni ya kawaida ya mafuta, nyeusi au bluu. Hata jasho la kiganja haliifuti.

Ukungu unatokana na kulifungia daftari likiwa na unyevu. Mfuko wa plastiki unazuia maji yasiingie, na unazuia yasitoke pia. Kwanza lisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, nusu siku. Jua kali hapana: gundi ya mgongo inalainika na kurasa zinachomoka. Ukungu wa jaladani upanguse kwa kitambaa kikavu ukiwa nje, usiuvute puani.

Likikauka, weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kuvuta unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chumvi usiweke, inavuta maji kisha inatiririka. Kopo likae mezani, mbali na ukuta na sakafu, maana mchwa hupanda kwa kufuata ukuta.

Mkaazi_Shangani
Asanteni sana. Vipakiti vikishalowa ndiyo basi?

Karatasi_Lindi
Hapana. Vitoe chembechembe, zikaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo sana dakika 20 hivi, zipoe, kisha zifunge kwenye kitambaa chepesi cha pamba. Zile zenye rangi ya bluu au chungwa usizikaange, zitupe. Masika fanya hivyo kila mwezi.