Mrejesho: Niliyeuliza kuhusu sala zilizokauka

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza mtu afanyeje anapoendelea kusali na kusoma Neno lakini moyoni hasikii chochote, kama anaongea na ukuta. Asanteni wote mliojibu, hata yule aliyenishukia kwa ukali.

Ulionisaidia zaidi ni ushauri wa kuacha kukimbiza sura nyingi kila siku na kubaki na Yohana 15 peke yake. Nasoma mstari mmoja au miwili polepole, kisha nayageuza maneno hayo hayo kuwa sala. Yesu anasema tawi haliwezi kuzaa lisipokaa ndani ya mzabibu. Mstari wa 10 unaunganisha kukaa katika pendo lake na kuzishika amri zake, na wa 12 unaitaja amri yenyewe: kupendana. Kusisimka hakukutajwa kama sharti. Basi nikampigia simu ndugu ambaye tulikuwa hatusemeshani. Yetu hayajaisha, ila tunaongea.

Mwingine alinielekeza Zaburi 88, inayoishia gizani bila faraja yoyote. Kumbe hata sala ya namna hiyo imo kwenye Biblia! Siku nikikauka naisali hiyo, sijilazimishi kuimba.

Ushauri wa kufunga muda mrefu sijaufuata, daktari hataki. Ukavu nao haujaondoka wote. Kuna Jumapili nashiriki Meza ya Bwana bila kuhisi lolote, na Jumapili inayofuata naenda tena. Na aliyesema nitafute mtu wa kusali naye: nimempata, tunasali kwa simu alfajiri.