Wakala katupeleka Tarragona siku magofu yamefungwa, na pesa hataki kurudisha

Wakuu, nina hasira na leo nasema. Wakala simtaji, lakini nyie mnaoishi Ulaya na kupokea wazazi kutoka nyumbani, someni kabla hamjalipa.

Baba yangu ni mwalimu wa historia mstaafu. Alipokuja kunitembelea Barcelona aliomba kitu kimoja tu: kuiona Tarragona, mji wa Uhispania ulioitwa Tarraco enzi za Warumi. Nikalipia watu wawili, ziara ya siku nzima. Tangazo linasema wazi: tunaingia uwanja wa mapigano ulio kando ya bahari, uwanja wa mbio za magari ya farasi, mfereji wa maji na Kanisa Kuu. Tarehe walipanga wao. Wakapanga Jumatatu!

Jumatatu magofu ya pale hufungwa. Mtu anayeishi kwa kupeleka wageni kule hawezi kuniambia hakujua. Tumefika, geti lina kufuli. Mzee akashika vyuma vya uzio, akawa anachungulia uwanja wa karne ya 2 uliokuwa ukijaza watu kama 14,000. Humo ndimo askofu Fructuosus na mashemasi wake wawili walichomwa moto wakiwa hai mwaka 259, na baadaye likajengwa kanisa papo hapo, kuta zake bado zimesimama katikati. Haya ananieleza baba yangu, kwa sauti ya chini, akiwa nje ya uzio. Kiongozi wa ziara yuko kwenye simu. Nilipomfuata akanijibu, "Si mnaona hata kwa nje?"

Uwanja wa farasi, ambao matao yake yamepita chini ya nyumba za watu, nao umefungwa. Sawa. Mfereji wa Les Ferreres je? Matao ya ngazi mbili, urefu mita 217, kilomita kama 4 tu kutoka mjini, hauna geti wala tiketi. Akasema muda hautoshi. Muda wa kutuweka saa moja na nusu kwenye mgahawa wa rafiki yake ulitosha.

Tuliloingia ni Kanisa Kuu peke yake, lililowekwa wakfu 1331. Kwenye ua wake wa ndani kuna kichwa cha nguzo kimechongwa panya wamembeba paka, wanakwenda kumzika. Mzee alipoiona akacheka, mara ya kwanza siku ile, akatoa miwani aangalie vizuri. Dakika mbili hazijaisha kiongozi anapiga makofi: twendeni, twendeni! Mzee wa miaka 71 unamswaga kama mbuzi?

Nimedai pesa, nimejibiwa "ratiba inaweza kubadilika". Baba amesharudi Dar, na nauli ya kumleta tena sina.

Kama kuna aliyewahi kumdai wakala hapa Uhispania akalipwa, aniambie alianzia ofisi gani. Risiti ninayo, tangazo nimelipiga picha, na kufuli la getini nimelipiga pia.