Pingi ya Wi-Fi kwenye Mac inarukaruka: ni AirDrop?

Swali
Wakuu, MacBook iko mita 2 kutoka kwenye ruta, mawimbi yamejaa. Pingi (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) kwenda 192.168.1.1, yaani ruta yenyewe, ni milisekunde 3 au 4, ghafla inapanda 90, 120, kisha inashuka. Sauti ya Zoom inakatika papo hapo. Kwa waya hakuna shida. Ruta iko 5 GHz, chaneli 100. Nianzie wapi?

Jibu
Kama pingi ya ruta yenyewe inaruka, mtoa huduma wa intaneti hahusiki. Mshukiwa wa kwanza ni AWDL, njia ya Apple ya vifaa kuwasiliana moja kwa moja bila kupitia ruta. AirDrop, huduma ya Apple ya kutumiana faili, hutumia njia hiyo, na vifaa hukutana chaneli (masafa ya redio) 6, 44 au 149. Wewe uko 100, kwa hiyo redio ya Wi-Fi inaihama ruta kwa muda mfupi sana, inasikiliza huko, kisha inarudi. Data yako inasubiri kwenye ruta hadi irudi. Ukipakua faili huwezi kugundua. Simu za sauti na gemu ndizo zinazoumia, kwa sababu haziwezi kusubiri.

Pima kwanza. Acha pingi ikiendelea, fungua dirisha la pili la Terminal (programu ya kuandika amri), andika hii ya kuzima AWDL:

sudo ifconfig awdl0 down

Miruko ikikoma hapo hapo, umempata. Lakini AirDrop haitafanya kazi, na mfumo huiwasha AWDL tena wenyewe, kwa hiyo hicho ni kipimo tu, si dawa.

Jibu
Dawa iko kwenye ruta, mkuu. Zima uchaguzi wa chaneli wa "Auto", weka 149 iwe chaneli ya msingi. Kama nchi yako hairuhusu 149, weka 44. Vifaa vikikutana chaneli ile ile ya ruta, redio haina haja ya kuhama. Kisha nenda System Settings, General, AirDrop & Handoff: AirDrop iwe "No One", na AirPlay Receiver (Mac kupokea video na sauti kutoka kifaa kingine) uizime kama huitumii.

Jibu
Ikiwa awdl0 imezimwa na bado pingi inaruka, angalia Location Services. Programu inayoulizia mahali ulipo huilazimisha Mac kusaka mitandao ya Wi-Fi chaneli baada ya chaneli, na dalili zinafanana kabisa. Funga programu za ramani na hali ya hewa, upime tena.