Naomba ushauri: Longonot na mama mwenye goti linalouma

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana hamu kubwa ya kufika kilele cha Longonot, pale Naivasha, mita 2,776, nami sitaki kumnyima. Ana miaka 61, pumzi anayo, ila goti la kushoto humsumbua akiteremka. Tumefanya mazoezi kwenye vilima vya Ngong. Kwa fimbo alishuka vizuri. Lakini Longonot ni majivu ya volkano, kiangazi vumbi linateleza chini ya kiatu kama unga. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano juu ya mlima, ni kilomita 3 hivi, na kuuzunguka ni 7 na ushei.

Je, tufike kileleni turudi njia ileile, au tuzunguke? Na tukizunguka, tushike kulia au kushoto ili goti lipate nafuu?