Fundi rangi mnayemjua ameiita nyumba ya mwanangu banda la kuku, tena mtoto akisikia

Mama wa Chini ya Mwembe (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, ninaandika mikono bado inatetemeka, na sitangoja hasira ishuke, kwa sababu ikishuka nitamsamehe, na mtu yule hastahili kusamehewa. Jina lake silitaji wala hakuna haja ya kulitaja. Kila aliyewahi kumiliki ukuta katika mtaa huu anamjua: yule mwenye ngazi iliyofungwa kamba ya katani, ambaye hata ukimwuliza sasa ni saa ngapi atakujibu "kesho asubuhi na mapema".

Binti yangu ana nyumba yake ya kuchezea nje, chini ya mwembe. Babu yake aliijenga kwa mbao za paini zilizotoka Sao Hill kule Mufindi, akaiwekea mlango wenye komeo, madirisha mawili yenye mapazia, na kibaraza kinachotosha watoto wawili na birika la plastiki. Masika ya mwaka huu yaliitesa sana. Upande wa kusini unaopigwa na mvua, rangi ilivimba, ikapasuka, ikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu, nikaona ni heri ipakwe upya kabla mbao hazijaoza. Binti alichagua rangi mwenyewe dukani: njano kwa kuta na nyekundu kwa mlango. Nililipa Sh 80,000 za ufundi, nikatoa na fedha za kununulia rangi, na fundi akaniambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa yeye amepaka hoteli. Kama hoteli hizo zipo kweli, basi wageni wake hadi leo wamenasa kwenye kuta wakipiga kelele za kuomba msaada.

Leo nimerudi kazini nikakuta nyumba ni ya kijivu. Kijivu cha geti! Hakukwangua rangi ya zamani wala hakupiga msasa. Vipande vilivyobanduka vimefunikwa hivyohivyo vikiwa vimesimama, kiasi kwamba ukipitisha kiganja ukutani unadhani unapapasa gome la mti. Ukuta wa nyuma ulikuwa na konokono, na konokono huyo amepakwa rangi pamoja na ukuta: mistari ya brashi inaonekana waziwazi ikipanda juu ya gamba lake na kushuka upande wa pili, wala haikusita. Pazia la dirisha ndilo lililofanywa tambara la kufutia brashi. Nyumba nzima inanuka gereji, na rangi haikauki. Viganja vya mwanangu vimetoka na kijivu chenye weusi ndani yake, na nimevisugua kwa mafuta ya kupikia hadi akalia.

Hayo yote ningeyameza. Nimelelewa kumeza. Lakini nilipomwita fundi na kumwuliza kwa adabu kabisa iko wapi njano ya mtoto, aliitazama nyumba, akanitazama mimi, akacheka hadi akashikilia ngazi yake, kisha akasema: "Kwani, mama, hili si banda la kuku tu lililokosa kuku?"

Mtoto alikuwa amesimama pale pale. Mtoto wa miaka 5, birika mkononi. Akanivuta gauni akaniuliza: "Mama, kuku wanakuja lini?"

Banda la kuku! Nyumba aliyoijenga babu yake akiwa na mgongo mbovu, akipima kila ubao mara mbili, leo imekuwa banda la kuku mdomoni mwa mtu asiyeweza kupaka dirisha bila kupaka na kioo chake. Angeniita mimi kuku ningenyamaza. Nimfanye nini mtu huyu? Atakayeniambia habari za subira sitamjibu.

Jirani wa Kona

Pole sana, mama. Huyo tunamjua. Kwetu alipaka madirisha ya sebuleni yakiwa yamefungwa, yakagandia fremu moja kwa moja, na tangu hapo upepo tunausikia kwa majirani. Mume wangu alipolalamika, aliambiwa kwamba hiyo ni kinga dhidi ya wezi.

Mpenda Haki

Samahani, dada yangu, lakini lazima mmoja wetu aseme ukweli usiopendeza. Nimeitazama picha uliyoiweka, nimeikuza, nikaizungusha, na kwa haki kabisa nakwambia kwamba Goba kuna mabanda ya kuku yenye madirisha mazuri kuliko hayo. Fundi amekosea rangi, hilo halina ubishi, ila macho yake hayana hitilafu. Halafu Sh 80,000 kwa nyumba isiyo na mpangaji? Sisi tulikua tukicheza chini ya meza ya bibi, na hatukuwahi kuiomba ipakwe.

Mama wa Chini ya Mwembe

Ndugu Mpenda Haki, meza ya bibi yako hakuna aliyeiita banda la kuku mbele yako ukiwa umeshika birika. Laiti ungeisikia sauti ya mtoto huyu. Ametoka sasa hivi jikoni kuniuliza kama kuku watalala kitandani mwa mwanasesere wake au watakuja na matandiko yao. Nimjibu nini? Na mtu aliyesababisha swali hilo ameondoka zake na ngazi, hakusema hata samahani.

Fundi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Mama, hiyo harufu ya gereji uliyoitaja ndiyo iliyonishtua kuliko rangi yenyewe, kwa sababu inaonyesha kwamba bwana huyo amepaka oili chafu kwanza, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari, kama dawa ya mchwa, kisha akapaka rangi juu yake. Mafundi wengi hufanya hivyo kwenye kenchi na nguzo za uzio. Oili ya injini haikauki, na rangi haishiki juu ya mafuta, kwa hiyo nyumba hiyo itaendelea kunata hata ukiisubiri hadi vuli. Tena oili iliyokwisha tumika ina chembe za metali zilizolika ndani ya injini pamoja na kemikali zinazohusishwa na saratani, na si kitu cha kugusana na ngozi ya mtoto hata kidogo. Mzuie asiingie humo.

Usimwache mtu akakudanganya kwamba msasa utaiondoa. Msasa utaziba na kuisukuma oili ndani zaidi. Mbao zilizoloa zing'olewe, hasa za kibaraza anapokalia. Zilizosalia salama zioshwe kwa maji ya sabuni, zikauke juani, zikwanguliwe rangi yote iliyolegea, zipigwe msasa namba 80 kisha 120 kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Paini ina mafundo yenye utomvu, na fundo lisipozibwa kwa sheleki litatoa doa la njano hata juu ya rangi nzuri. Baada ya hapo ni praima ya mbao, na mikono miwili ya rangi ya maji ya nje, ambayo huhitaji saa chache tu kati ya mkono na mkono; ya mafuta ungelazimika kuiacha ilale usiku kucha. Mchwa nao dawa yake ni kuzinyanyua nguzo juu ya zege zisiguse udongo. Konokono umtoe taratibu kwa maji ya uvuguvugu, huenda amejifungia ndani na yu hai.

Nipo Ughaibuni

Mimi niko Ohio, na ningependa kuongeza jambo moja kuhusu hiyo rangi ya zamani inayobanduka. Kabla ya kuikwangua, jiulizeni ilinunuliwa wapi na lini, kwa sababu rangi za mafuta zenye kung'aa, hususan njano na nyekundu, kwa miaka mingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na tangu 2009 kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni sehemu 90 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa hutia mikono mdomoni. Loweka kwanza rangi kwa maji unapokwangua ili vumbi lisipeperuke, tandika turubai chini ya nyumba, na vipande vyote vikusanywe visiachwe kwenye mchanga anaochezea.

Baada ya kusema hayo, niseme pia kwamba ninyi mna bahati. Huku fundi rangi hata simu yako hapokei. Nilimwita mmoja anipakie ukumbi, akaja na kompyuta, akapima kuta, akanitumia makadirio yaliyonifanya niipende sana rangi ya zamani.

Bi Mkubwa wa Tabata

Hoja ya kompyuta ipelekwe kwenye uzi mwingine. Mama, mimi nimekwama kwenye hao kuku. Hebu mwambie mtoto kuku wameahirisha safari.

Mzee wa Geti

Nimesoma uzi huu tangu mwanzo nikiwa kimya, lakini nilipofika kwenye picha nimesimama. Kijivu hicho nakifahamu. Hicho ni kijivu changu. Niliagiza kichanganywe maalumu dukani kwa ajili ya geti langu, ndoo nzima ya lita 20, na fundi huyohuyo mnayemsema aliniambia kwamba yote imekwisha kwa sababu eti geti langu "linakunywa rangi". Geti la chuma! Chuma kinakunywaje rangi? Nilijua tangu siku ile kwamba nimeibiwa, ila sikujua mali yangu ilikwenda wapi. Kumbe iko chini ya mwembe, imepakwa juu ya konokono.

Mpenda Haki

Basi, kisheria, mama huyu anaishi na mali ya wizi uani kwake, na mtoto ndiye mkaaji wake.

Mama wa Chini ya Mwembe

Mzee wangu, shikamoo. Rangi yako sikuiomba, siitaki, na ukija hata leo usiku na kikwaruzo chako nitakumulikia taa uibandue yote uondoke nayo. Mimi nililipia njano. Njano yangu nayo iko kwenye ukuta wa nani? Na tafadhalini, mlioingia hapa kuzungumzia mageti, kumbukeni kwamba kuna mtu mzima amesimama uani kwangu akaiita nyumba ya mtoto banda la kuku lililokosa kuku, na mtoto akasikia.

Jirani wa Kona

Mama, kuna kiosk cha njano kabisa kimepakwa juzi karibu na kituo cha daladala, na mlango wake ni mwekundu. Mimi sijasema kitu.

Bi Mkubwa wa Tabata

Huu ndio ugonjwa wenyewe. Mabaki! Fundi akimaliza kazi, kinachosalia ni cha nani? Nilinunua vigae vya bafu maboksi ya kutosha na ya akiba, fundi akasema vimevunjika njiani vyote vilivyozidi. Mwezi uliofuata nilialikwa kwake kwenye maulidi, nikaomba kunawa mikono, nikanawia mbele ya vigae vyangu. Nilikula pilau yake kwa uchungu mkubwa.

Fundi Mstaafu

Kwa desturi ya ufundi, mabaki ni ya mwenye nyumba. Fundi anaomba, akipewa anashukuru, akinyimwa anaacha. Wanaochukua bila kuomba wanatuharibia jina wote.

Kijana wa Brashi

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini tuseme na upande wa pili. Wenye nyumba nao wanajulikana. Unapaka, unamaliza, unaambiwa salio utapata mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huo haufiki. Ndiyo maana vijana hujilipa kwa kilichopo. Kuna mzee mmoja mtaa huuhuu, sitamtaja, ambaye nilimpakia dari la sebule, na hadi leo salio langu sijaliona, ila geti jipya ameweka, tena la rangi maalumu ya kuchanganyiwa dukani.

Mzee wa Geti

Kama unanisema mimi, nitaje.

Kijana wa Brashi

Mimi sijamtaja mtu, mzee. Kila mtaa una mageti mengi.

Mzee wa Geti

Dari lile lilitoa madoa mvua ya kwanza tu! Nikulipe kwa madoa?

Kijana wa Brashi

Madoa yametoka kwenye bati lako lililotoboka, na nilikuonyesha tundu lile kabla sijafungua kopo la rangi. Ukasema nipake tu, rangi italiziba.

Bi Mkubwa wa Tabata

Haya, mzee, ulisema au hukusema?

Mzee wa Geti

Nilisema alipake, sikusema alipake vibaya. Na tundu lenyewe lilitobolewa na fundi antena, ambaye nitamfungulia uzi wake kesho.